Sura ya Sita: Ndoo, Kata na Mshono wa Kichwani

Juu ya uwanda wa Wamakonde kichwa ni chombo cha kazi. Pale Kitangari mama hupanda kutoka bondeni na ndoo ya lita ishirini kichwani, mkono mmoja umeshika mtoto, mwingine unapunga kusalimia, na ndoo haitikisiki. Kuni hupanda kichwani. Tenga la mabibo hupanda kichwani. Sababu iko ardhini: mchanga wa uwanda hunyonya mvua mara tu inapoanguka, kwa hiyo huko juu hakuna mto wala kijito cha kutegemea, maji yako mabondeni. Mradi wa maji wa Makonde ulioanza miaka ya 1950 ulilazimika kuyatafuta Mitema, bondeni huko huko Kitangari, kisha kuyasukuma kwa mashine kupanda mpaka Newala na Tandahimba. Mashine zikisimama au bomba likipasuka, watu hurudi kwenye ndoo na kata ya kichwani.

Sasa mchukue mtu wa Kitangari aliyepasuliwa ubongo Dar es Salaam. Siku ya kutoka wodini daktari humwambia asinyanyue vitu vizito. Daktari anawaza mikono, pengine boksi la dukani au mtungi wa gesi. Mgonjwa anaitikia, "Nimesikia, daktari," na wala haongopi. Lakini hakuna aliyetaja ndoo. Wiki ya tano nyuzi zimeshatolewa, nywele zimeota, anasalimia vizuri, amenenepa kidogo kwa sababu ya dawa, na asubuhi moja anainama kutafuta kata.

Ngozi ya kichwa hushikana kwa wiki mbili hivi. Kipande cha fuvu kilichokatwa na kurudishwa huchukua miezi mingi kuungana na wenzake. Ubongo wenyewe una kalenda nyingine kabisa: miezi, mwaka, wakati mwingine miaka kadhaa. Watu humpima mgonjwa kwa wanachokiona, nacho ni ngozi, na ngozi ndiyo hutangulia kupona. Sura hii inamhusu rafiki anayesimama kwenye pengo hilo, kati ya ngozi iliyopona na ubongo ambao bado. Mke, mama na mjomba wana mzigo wao. Namzungumzia mwenzako wa kijiweni, wa darasa moja, wa safu moja msikitini au kanisani, ambaye harithi kitu na hatawali kitu, na kwa sababu hiyo hiyo anaweza kutamka mambo ambayo ndugu akiyatamka hugeuka ugomvi.

Kusini jambo hili lina uzito wake. Wamakonde, Wamakua na Wayao huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba bado ana kauli kubwa penye ugonjwa na penye msiba. Hospitali za mjini mara nyingi humtazama mke au mume aliyeketi kando ya kitanda, wakati uamuzi wenyewe unasubiri simu kutoka kijijini. Rafiki mwenye akili hujipeleka mapema kwa mjomba, tena kwa heshima: "Shikamoo mjomba. Nimetoka kuongea na daktari, naomba nikueleze alichosema kabla hujakisikia barabarani." Mjomba aliyeelezwa huwa ngome. Mjomba aliyerukwa anaweza kuvunja kwa neno moja mpango wa mwezi mzima, na sioni kwa nini alaumiwe.

Safari yenyewe ni ndefu. Kutoka kituo cha afya mgonjwa hupelekwa hospitali ya Newala, pengine Ndanda kwa Wabenediktini au Ligula mjini Mtwara, na siku hizi ipo pia Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini kule Mitengo. Lakini kwa miaka mingi fuvu la mtu wa kusini limefunguliwa Dar es Salaam, na zaidi kwenye Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI kama wote tunavyoiita, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, mgonjwa alisubiri kivuko Rufiji pamoja na malori ya korosho. Hata sasa barabara haijawa ya kuaminika moja kwa moja: Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata pale Somanga, na kusini ikatengwa na Dar es Salaam kwa siku kadhaa.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza ni huu: msiharakishe kumrudisha nyumbani. Watu wa kusini wana ndugu Mbagala, wana ndugu Temeke, na kitanda cha Mbagala kwa wiki mbili za mwanzo kina thamani kuliko zulia jipya Kitangari. Nyuzi zitolewe na waliozishona, kliniki ya kwanza ihudhuriwe, ndipo basi litafutwe. Kumsafirisha mtu kutwa nzima kwenye kiti cha nyuma kinachorusha, kisha kumpandisha bodaboda kwenye mchanga kwa kilometa za mwisho, ni kumtesa. Hapo ndipo mchango wa marafiki unapotakiwa uelekezwe: gari dogo kutoka stendi hadi mlangoni.

Na mchango utahitajika kweli. Kadi ya bima ya CHF iliyoboreshwa, ile iliyokuwa ya shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, ilimfikisha mgonjwa hospitali ya mkoa na kuishia hapo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, lakini aliye kitandani leo halipiwi na sheria ambayo haijamfikia. Wengi hawajui kwamba hospitali kubwa zina ofisi ya ustawi wa jamii, ambayo kazi yake mojawapo ni kusikiliza wasio na uwezo. Mke mwenye hofu hawezi kuanza kuuliza vyumba. Rafiki anaweza, na aende na barua ya serikali ya kijiji mkononi.

Kuna watu bado wanaamini kwamba kufungua fuvu ni ujuzi ulioletwa kwa meli. Abagusii wa magharibi mwa Kenya walikuwa na fundi wao aliyeitwa omobari omotwe, mpasuaji wa kichwa, aliyekwangua mfupa wa fuvu la mtu aliyepigwa rungu au kuanguka na kubaki na maumivu yasiyokwisha. Madaktari wa katikati ya karne iliyopita waliishuhudia kazi hiyo na kuiandikia, na wengi wa waliopasuliwa waliishi. Huku kwetu Tanzania, mwaka 2006 daktari Dilantha Ellegala alifika hospitali ya Haydom, mbali na mji wowote mkubwa, akamkuta daktari msaidizi Emmanuel Mayegga, na badala ya kupasua wagonjwa peke yake akamfundisha Mayegga kufungua fuvu. Mayegga naye akaja kumfundisha mwingine. Nayaleta haya kwa sababu moja tu: mikono ya kupasua inaweza kupatikana hata mahali ambapo haikutarajiwa. Ila mgonjwa wa Haydom, kama wa Kitangari, baadaye hurudi kwenye nyumba isiyo na nesi.

Wodini rafiki asiwe mtazamaji. Ajue jina kamili la mgonjwa, namba ya jalada na upande wa kichwa unaopasuliwa. Novemba 2007 wagonjwa wawili wenye jina moja la kwanza walibadilishwa pale MOI. Wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti, na nchi nzima ikasimama kwa mshangao. Tangu hapo kuuliza mara mbili si ujuaji.

Siku za mwanzo zinatisha kwa macho. Uso huvimba, jicho la upande wa mshono linaweza kufumba kabisa na kuwa jeusi, kitanda kimeinuliwa kichwani kidogo ili uvimbe ushuke. Nesi anakuja kila baada ya muda, anamwamsha, anamuuliza jina lake na mahali alipo, anammulika machoni kwa tochi, anamwambia abane vidole. Ndugu huchukia: si mumwache alale? Kumbe nesi anahesabu alama za fahamu. Kipimo hicho kilibuniwa Glasgow mwaka 1974, kinaanzia 3 na kuishia 15, na alama mbili zikishuka usiku ni habari kubwa kuliko homa. Rafiki aache kumfukuza nesi, na pia asimnyweshe mgonjwa uji kwa huruma kabla ya kuambiwa kwamba anameza vizuri. Uji ukipita njia ya pumzi huleta nimonia.

Kisha nyumbani, ambako ugumu huanza kwa wema. Kitangari mtu akirudi kutoka Muhimbili hawezi kuachwa bila kujuliwa hali. Watakuja majirani, watakuja wa chama cha ushirika cha AMCOS, watakuja waliosoma naye, watakuja wa Newala mjini na wa Masasi, kila mmoja na pole yake, na kila mmoja na swali lile lile: "Unanikumbuka? Haya, mimi nani?"

Swali hilo ni mtihani, na anayefanyishwa ni mtu ambaye ubongo wake umevimba. Akikosa, chumba kizima kinanyamaza na yeye anajua kwamba amekosa. Siku nzima inaharibika. Mgeni mstaarabu huingia akijitaja: "Hodi. Ni mimi Fulani, jirani yako wa upande wa mkorosho mkubwa. Nimekuja kukuona, sikai." Halafu kweli asikae. Dakika kumi za mazungumzo humchosha aliyetoka kupasuliwa kama kulima nusu ekari, maana ubongo unaojitengeneza unatumia nguvu kwa kila sura, kila sauti na kila jibu. Uchovu huo hauondoki kwa chai wala kwa kutiwa moyo. Huondolewa na usingizi.

Hapa pana kazi ambayo mke haiwezi bila kuitwa mwenye majivuno. Rafiki akae barazani. Apokee wageni, awapatie maji, awasimulie habari zote, apokee kuku na mihogo, na awaambie kwamba ndani wataingia wawili wawili, kwa ufupi, wengine salamu zao zitafika. Yeye asiye wa ukoo wakimlaumu, lawama itaishia kwake. Redio ipunguzwe. Msimu wa jando na unyago ngoma ikikesha jirani, mgonjwa ahamishiwe kwa siku hizo nyumba ya mbali kidogo, na hakuna haja ya kugombana na wenye ngoma.

Maneno nayo. Upasuaji wa upande wa kushoto hasa huweza kuacha ulimi uko mzima lakini maneno hayatoki, au yanatoka mengine: anataka maji anasema jembe. Akili yake haijaondoka. Anajua anachotaka na anajisikia akikosea, na hilo ndilo humliza. Mpe muda. Usimmalizie kila sentensi. Uliza maswali ya ndiyo na hapana, onyesha kitu kwa kidole, zungumzeni mmoja mmoja. Usipaze sauti, si kiziwi. Na kama Kiswahili kimegoma, jaribu Kimakonde, au Kimakua kama ndicho cha mama yake. Mwaka 1881 Mfaransa Ribot alidai kwamba lugha ya kwanza maishani ndiyo hurudi kwanza. Mwaka 1895 mwenzake Pitres akasema hapana, hurudi ile mtu aliyoitumia zaidi. Wagonjwa waliofuata wamewakanusha wote wawili kwa zamu: kwa wengi lugha hurudi sambamba, kwa wengine moja hutangulia bila kufuata kanuni. Basi jaribu. Nesi wa Dar es Salaam hakuweza kumsalimia Kimakonde, wewe unaweza.

Hasira ni sura nyingine ya mambo hayo. Mtu mpole anarudi na ulimi mkali, anamtukana mkewe mbele ya wakwe, anacheka msibani, analia kwa sababu mboga imechelewa. Ubongo wa mbele, nyuma ya paji la uso, ndio hushika breki ya tabia, na ukiguswa breki hulegea. Dawa nazo zina mkono: deksamethasoni, inayotolewa kupunguza uvimbe, huweza kumkosesha mtu usingizi, kumfanya ale kwa pupa na kumbadilisha moyo. Haipaswi kukatwa ghafla. Hushushwa kidogo kidogo kama daktari alivyoandika.

Mgonjwa maarufu kuliko wote wa aina hii ni Phineas Gage, msimamizi wa kazi za reli huko Vermont, Marekani. Tarehe 13 Septemba 1848 baruti ililipuka na fimbo ya chuma ikapenya shavuni na kutokea utosini. Hakufa. Lakini akawa mkorofi, haambiliki, na rafiki zake wakasema kwamba huyu si Gage tena. Vitabu vingi huishia hapo, na wanaoishia hapo wananiudhi, kwa sababu habari inaendelea. Gage alikwenda Chile, akaendesha magari ya farasi ya abiria kwa miaka kadhaa, kazi ya ratiba, ya farasi wale wale na njia ile ile. Mtu ambaye rafiki zake walimfuta alipata tena namna ya kuishi baada ya kupewa siku zinazofanana. Chukua hilo kwa ajili ya mwenzako: aamke saa ile ile, ale saa ile ile, atembee njia ile ile hadi mwembeni na kurudi, na jambo jipya liwe moja kwa siku. Akikutukana saa nne, rudi saa kumi kama hakuna kitu. Lakini akiinua mkono kumpiga mtu, hilo si la kufichwa, lipelekwe kliniki.

Gage alikufa mwaka 1860 kwa kifafa, karibu miaka kumi na miwili baada ya ajali. Kifafa baada ya ubongo kuguswa kinaweza kuja wiki ya kwanza na kinaweza kuja mtu ameshasahau. Kwa hiyo vidonge vya kuzuia kifafa, kama ameandikiwa, havina siku ya mapumziko. Mwezi wa Ramadhani azungumze na daktari kabla ya kufunga, si baada ya kuanguka. Na tatizo kubwa la vijijini kwetu ni kuishiwa: vidonge vimebaki vitatu, duka la Kitangari halina aina ile, nauli ya Newala hakuna, basi anasubiri. Kukatisha ghafla huamsha kifafa kikali. Rafiki ahesabu vidonge kila Ijumaa au kila Jumapili, na vikibaki vya wiki mbili aanze safari au amtume kijana wa basi la Masasi au Mtwara. Ni kazi ndogo isiyo na sifa, nami naiweka mbele ya zote.

Akishikwa na kifafa, mlaze ubavu, weka nguo laini chini ya kichwa, ondoa vitu vigumu pembeni, legeza nguo za shingoni, tazama saa. Kijiko mdomoni, kitambaa, kumbana mikono, maji ya uso: acha vyote. Zikipita dakika tano hajatulia, au kikirudi kabla hajazinduka, tafuta gari. Na mguse. Daktari Louise Jilek-Aall, aliyeanzisha kliniki ya kifafa Mahenge karibu na mwaka 1960, aliwakuta wagonjwa wenye makovu makubwa ya moto kwa sababu watu waliogopa kwamba povu lingewaambukiza, wakamwacha mtu aungulie jikoni. Kifafa hakiambukizi. Hofu hiyo ingalipo, hata kwenye nyumba zenye walimu na manesi.

Kwa miezi ya mwanzo basi asiachwe peke yake kwenye jiko la kuni, kisimani, bondeni penye maji, wala juu ya mkorosho. Pikipiki asiendeshe mpaka daktari aruhusu. Nisemeje kuhusu uraka na nipa? Msimu wa korosho mabibo yako kila mahali na kinywaji chake kiko kila kijiwe, na mwanamume aliyepona kidogo huletewa kikombe kama ishara ya kukaribishwa tena duniani. Pombe huamsha kifafa na hupigana na dawa. Rafiki wa kweli hapo ndiye anayekunywa maji pamoja naye, siku hiyo walau, ili asiwe peke yake wa kukataa.

Maumivu ya kichwa ya kawaida yapo, na hupungua wiki hadi wiki. Yanayoongezeka kila siku, yanayokuja na kutapika au usingizi usioamshika, hayo ni ya hospitali usiku huo huo. Vilevile homa na shingo kukakamaa, mshono kuvimba au kutoa usaha, maji maangavu yanayotiririka kutoka kwenye mshono au puani, mkono au mguu kulegea upya, mguu mmoja kuvimba na pumzi kukatika. Msingoje kikao cha ukoo. Namba ya mwenye gari, namba ya wodi na karatasi ya kutokea hospitali ziwe mahali pamoja ambapo hata mtoto anapajua. Dawa ya maumivu ni ile aliyoandikiwa. Asprini na diklofenaki za dukani huweza kuchochea kuvuja kwa damu. Choo kigumu nacho kina madhara, maana kujikamua huongeza shinikizo kichwani: papai, kisamvu, mbaazi, maji ya kutosha, na maji hayo ndiyo yale yanayotakiwa yachotwe na mtu mwingine.

Wako waliotolewa kipande cha fuvu kisirudishwe mara moja, ili ubongo uliovimba upate nafasi. Hao kichwa hubonyea upande mmoja na watoto hukitazama sana. Pale hakuna mfupa, pana ngozi tu juu ya ubongo, mpaka siku atakaporudi kuwekewa mfupa. Asilalie upande huo, asipite chini ya mwembe wakati wa kuangua, na kofia au kilemba kisikaze.

Kisha litakuja la mganga. Sitamdhihaki anayemtafuta, maradhi ya kichwa kila mtu huyatafutia sababu, na daktari haelezi kwa nini yeye na si jirani. Dua isomwe, padre aje, shehe aje, kombe likinywewa liwe la maji safi. Kinachokatazwa ni chale kichwani, dawa za kunusa zinazopigisha chafya, na kufukizwa ndani ya blanketi mtu asiyeweza kujieleza. Dua haigombani na mshono. Wembe unagombana nao. Rafiki akizungumza hivyo na mjomba, kwa faragha, mara nyingi huafikiwa.

Shamba haliwezi kuambiwa kwamba mwenyewe anaumwa. Kama amepasuliwa mwezi Aprili, kupulizia mikorosho salfa kutamkuta kitandani Juni na Julai, na korosho zitaanza kuanguka kabla hajapata nguvu za kuinama. Kijiwe kizima kikijigawa, mikorosho yake itapulizwa kwa siku chache. Wakati wa kupeleka mzigo AMCOS, aende naye mtu anayejua kusoma mzani na stakabadhi. Kwenye korosho mfumo wa stakabadhi ghalani umekuwepo tangu msimu wa 2007/2008, na unahitaji akili inayofuatilia karatasi, tarehe na malipo ya benki. Yeye kwa sasa hawezi, ingawa atasema anaweza. Miezi hii asiuze shamba, asidhamini mkopo, asitie saini mkataba. Wapo wanaojua kwamba mtu aliyetoka kupasuliwa kichwa hukubali bei upesi. Ukiwaona wanazunguka barazani, mwite mjomba.

Atakapoanza kutaka kazi, mpe kazi. Kubangua korosho amekaa, kuchambua mbaazi, kumsikiliza mtoto akisoma. Mtu anayefanyiwa kila kitu hulegea zaidi ya alivyolegezwa na upasuaji. Mzazi akikwambia, "Mwache apumzike," mjibu taratibu kwamba kupumzika kumo, ila mkono wa kulia hautajifunza tena kushika kikombe ukishikiwa kikombe. Aliyeonyeshwa mazoezi na mtaalamu wa tiba ya viungo ayafanye kila siku, hata yakiwa ya kuchosha kuyatazama. Ndoo ya kichwani isubiri ruhusa ya daktari iliyotolewa kwa swali la wazi: "Daktari, kwetu tunabeba maji kichwani, lita ishirini. Lini?" Uliza hivyo hivyo. Usipouliza hivyo, atakujibu kuhusu mikono.

Na yupo anayemuuguza. Kwa kawaida ni mwanamke, mke au mama au dada, ambaye amelala juu ya kanga sakafuni Dar es Salaam, amerudi na mgonjwa asiyeulizika, anachota maji ya wawili, anahesabu vidonge, anatukanwa, na jioni wageni wanamuuliza mgonjwa anaendeleaje. Yeye hakuna anayemuuliza. Ukiwa na rafiki aliyepasuliwa ubongo, usimalize wiki hii kabla hujampelekea mtu huyo ndoo mbili za maji na kumwambia alale mchana mzima, wewe utakaa na mgonjwa.